Aliyefunga magoli 30 akasogezwa pembeni

Msimu wa 2008/09 Samuel Eto'o alifunga magoli 30 katika ligi ya Hispania. Mwenzake wa Barcelona, Lionel Messi, alifunga 23. Wape hesabu hizo wanywa kahawa wa Jaws Corner, barza ya Mji Mkongwe Unguja, bila ya kuwatajia majina, waulize nani asimame katikati na nani apelekwe pembeni. Wote watamweka katikati mwenye 30, na itakuwa mara ya kwanza barza ile kukubaliana jambo. Tarehe 2 Mei 2009, nyumbani kwa Real Madrid, Pep Guardiola, kocha wa Barcelona, alifanya kinyume chake. Eto'o alisogezwa winga ya kulia. Messi aliingizwa katikati, na hata hapo katikati hakukaa.

Aliyekuwa akimsubiri ni beki wa Madrid Fabio Cannavaro, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia 2006 na mshindi wa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, mwaka huo huo. (Kwake ndiko beki wetu Nadir Haroub alikopata jina la Cannavaro, jina lililomganda mpaka wako vijana wanaodhani ndilo alilopewa na wazee wake.) Beki wa kati wa aina ya Cannavaro amekulia kazi moja: mshambuliaji yuko mbele yangu, najua aliko, simwachii nafasi. Usiku ule mshambuliaji hakuwepo. Messi alirudi nyuma, akasimama migongoni mwa viungo wa Madrid, Fernando Gago na Lassana Diarra, mahali ambapo kiungo anasema si pake na beki naye anasema si pake. Cannavaro akimfuata, nyuma yake panabaki wazi, na Eto'o na Thierry Henry wanakatia ndani kutoka pembeni. Asipomfuata, Messi anapokea mpira akiwa huru, anageuka, na ubavuni mwake wako Xavi na Andrés Iniesta. Mechi iliisha 6-2 kwa Barcelona. Henry alifunga mawili, Messi mawili, na hata mabeki wa Barcelona, Carles Puyol na Gerard Piqué, wakajipatia moja moja.

Wanaocheza bao watalielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Unaweza ukawa na kete tele safu ya nyuma, mashimo yamejaa, na bado ukafungwa, kwa sababu safu ya mbele imebaki tupu na huna mtaji, yaani huna njia ya kula kete za mwenzako. Madrid walikuwa na mabeki wanne wa kimataifa uwanjani, na tatizo lao halikuwa uchache wala ubovu. Kete walikuwa nazo, mtaji hawakuwa nao.

Kwangu mimi, tofauti baina ya mchezaji mkubwa na mchezaji wa kipekee iko hapo. Mchezaji mkubwa hufanya kwa ubora wa juu kabisa kile ambacho nafasi yake inamtaka afanye. Eto'o alikuwa mkubwa kweli kweli: mara nne mchezaji bora wa Afrika kwa tuzo za CAF, shirikisho la soka la Afrika, mfungaji katika fainali mbili za Klabu Bingwa Ulaya, 2006 na 2009, na alipohamia Inter akalichukua kombe hilo tena mwaka 2010. Ukikutana naye, unajua shida yako ni ipi. Ugumu ni kuitatua. Mchezaji wa kipekee huibadilisha shida yenyewe. Humlazimisha kocha wa upande wa pili aanze kupanga watu upya kwa ajili yake, na kila anapopanga, yuko mchezaji mwingine wa timu ile ile anayefunguliwa mlango. Kwa hiyo ukitaka kumpima, usihesabu yale anayoyafanya yeye peke yake. Hesabu na yale ambayo wenzake kumi wanayaweza kwa sababu yeye yupo.

Wengi wetu tumelelewa tupime kwa miguu. Mtoto akimvisha mwenzake kanzu, mpira ukampita juu ya kichwa, kwenye mchanga wa pwani maji yakiwa yametoka, au akimpiga tobo mtu mzima, mpira ukapita baina ya miguu yake, uwanja wa mtaani, jioni hiyo hiyo ameshapewa jina la mchezaji wa Brazil. Ufundi huo ni mali, sikatai. Lakini kama ungekuwa ndio kipimo, Jay-Jay Okocha wa Nigeria asingekuwa na mshindani Afrika nzima, na ukweli ni kwamba tuzo ya CAF ya mchezaji bora wa bara hakuwahi kuitwaa. Nampenda Okocha kuliko wengi waliomshinda tuzo hiyo. Bado naelewa kwa nini makocha walilala usingizi kabla ya kukutana naye: chenga zake zilimuumiza yule aliyesimama mbele yake, na akishampita, mabeki wengine walikuwa pale pale walipopangwa.

Basi hicho cha ziada kinatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka shingoni.

Geir Jordet, mtafiti wa saikolojia ya mpira kutoka Norway, alitumia miaka mingi kuangalia video ambazo kamera humfuata mchezaji mmoja badala ya kuufuata mpira. Alihesabu mara ngapi mtu anageuza kichwa kutazama pembeni na nyuma katika sekunde chache kabla ya kupokea pasi. Wanaotazama mara nyingi zaidi walionekana kufikisha pasi zao kwa wenzao zaidi, khasa zile pasi za kwenda mbele, ambazo ndizo ngumu. Miongoni mwa viungo wa Ligi Kuu ya England, Frank Lampard na Steven Gerrard walikuwa juu kabisa. Alipomfuatilia Xavi, akakuta amewapita wote wawili.

Fikiria maana yake uwanjani. Mpira unapopigwa kukujia una sekunde moja, pengine mbili. Mchezaji wa kawaida huutazama mpira muda wote huo, kisha anautuliza, kisha ndipo anainua kichwa kuuliza: nani yuko wapi? Hapo beki ameshafika. Mchezaji mkubwa ameshatazama mara moja, anajua yuko nani nyuma yake. Wa kipekee ametazama mara tatu au nne, na kila mara picha imebadilika kidogo, kwa hiyo haoni watu waliko tu, anaona wanakoelekea. Goli la nne la Brazil katika fainali ya 1970 dhidi ya Italia ndilo mfano ambao wazee hawachoki kuusimulia. Pelé anapokea mbele ya boksi, anasimama, wala haonekani kuwa na haraka, halafu anausukuma mpira taratibu kulia kwake mahali ambapo hakuna mtu. Beki mwingine angeweza kuchelewa. Carlos Alberto, beki wa kulia, alikuwa anakuja mbio, akaupiga bila ya kuutuliza. Brazil 4, Italia 1. Ukiitazama upya, usimtazame mfungaji. Mtazame Pelé anavyosubiri. Subira ile inawezekana kwa mtu ambaye ameshajua kitu ambacho mabeki hawajakijua.

Lakini kugeuza shingo si uchawi. Mwambie kijana wa miaka kumi na minne ageuze kichwa kila sekunde, atageuza mpaka shingo imuume na hataona chochote, kwa sababu kuona ni kazi ya kumbukumbu zaidi kuliko ya jicho. Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha watu ubao wa chesi kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange tena kwa kumbukumbu. Pale kete zilipokuwa zimekaa kama zinavyokaa katika mchezo wa kweli, mabingwa waliwaacha mbali wanaoanza. Kete zilipotawanywa ovyo ovyo, ubingwa ule ukayeyuka na tofauti ikawa karibu haipo. Bingwa hakuwa na macho makali wala kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa ameshaona hali za mchezo nyingi mno hata kundi la kete tano au sita kwake ni kitu kimoja, kama sisi tunavyosoma neno zima bila ya kuhesabu herufi. Kiungo wa kipekee anausoma uwanja vivyo hivyo. Akitupa jicho mara moja tu, anajua beki wa kushoto amepanda, kiungo wa ulinzi amechelewa kurudi, na pasi inatakiwa iende pale.

Ndiyo maana kutembea kwa Messi kunawapotosha wengi. Dakika za mwanzo za mechi utamwona anatembea, mikono inaning'inia, utadhani mtu aliyekosa boti ya mchana na hana haraka ya kurudi nyumbani. Washabiki wa upande wa pili hucheka. Kumbe anatazama nani anamfuata, nani anamwacha, beki gani anapenda kupanda na anaacha pengo la ukubwa gani. Akishapata majibu ndipo anaanza kazi. Siwashauri vijana wetu wamwige kwenye hilo, makocha wao watawatoa kabla ya nusu saa, na watakuwa na haki. Kutembea ni haki ya mtu anayejua anachokitafuta.

Jambo la pili liko mwilini, na kinyume na tunavyodhani, si kasi. Tarehe 13 Disemba 2022, nusu fainali ya Kombe la Dunia Qatar, Messi ana miaka 35. Anayemkaba ni Joško Gvardiol wa Croatia, miaka 20, mrefu, mwenye nguvu, mwenye mbio, mmoja wa mabeki bora wa mashindano yale. Kwa kukimbia tu, Gvardiol anashinda. Messi anachukua mpira upande wa kulia, anakwenda naye, anapunguza mwendo, anaongeza, anasimama kabisa, anageuka, anaingia ndani ya boksi na kumrudishia Julián Álvarez mpira ambao ulihitaji kuguswa tu. Ukawa 3-0 kwa Argentina.

Kilichotokea pale ni suala la fizikia. Mwili mkubwa unaokwenda mbio hauwezi kusimama mara moja. Unahitaji hatua mbili au tatu za breki, na wakati wa kufunga breki hauwezi kugeuka. Kila Messi alipopunguza mwendo, Gvardiol alilazimika kufunga breki, na kila alipofunga breki, Messi alikuwa ameshaondoka tena. Tena kuna hili: wachezaji wengi wakiwa katika mbio huusukuma mpira mbele, wakapiga hatua tatu, kisha wakaugusa tena. Katika hatua zile tatu hawawezi kubadili nia, na beki hodari anajua kuwa huo ndio wakati wake. Messi huugusa karibu kila hatua, na hatua zake ni fupi. Hakuna wakati ambao beki anaweza kusema: sasa mpira hauko miguuni mwake. Kasi ya Gvardiol ilikuwa kubwa kuliko ya Messi, lakini ilikuwa ya aina moja. Aliyekuwa anaamua mwendo wa wote wawili ni yule mzee.

Halafu kuna hesabu, ambazo mabarazani huzungumzwa sana na huelezwa kidogo. Siku hizi wachambuzi hutumia kipimo cha magoli tarajiwa: kila shuti hupewa uzito kulingana na mahali lilipopigwa na hali ilivyokuwa, na uzito huo hutokana na maelfu ya mashuti ya aina hiyo yaliyopigwa huko nyuma. Penalti, kwa mfano, huhesabiwa kuwa zaidi kidogo ya robo tatu ya goli, kwa sababu karibu penalti moja katika kila nne hukosekana. Ukiwafuata washambuliaji kwa miaka mingi, wengi wao, hata wale wa majina makubwa, hufunga karibu na kile ambacho nafasi zao zinatarajiwa kuzaa. Msimu mmoja wanazidi, mwingine wanapungukiwa. Ukubwa wao uko katika kuzipata nafasi. Wachache mno huzidisha mwaka baada ya mwaka, na Messi ni mmoja wao.

Ila si kumalizia kwake kunakonishangaza zaidi. Msimu wa 2019/20 aliongoza ligi ya Hispania kwa magoli, 25, na katika msimu huo huo akatoa pasi 21 za magoli. Hizo ni kazi mbili ambazo timu kwa kawaida huajiri watu wawili wazifanye. Kwa beki, maana yake ni hii: ukimfungia njia ya shuti umemfungulia njia ya pasi. Mfungaji mkubwa unaweza kumchagulia afanye kile ambacho hakiwezi vizuri. Kwa huyu, hakuna cha kumchagulia.

Najua hapa washabiki wa Cristiano Ronaldo wameshaanza kukunja nyuso. Magoli 450 katika mechi 438 za Real Madrid hayawezi kupitwa juu juu, na kwa maoni yangu Ronaldo ni wa kipekee, ila kwa njia nyingine. Alikuja Madrid akiwa winga mwenye chenga nyingi na mashuti ya mbali. Miaka ilivyokwenda aliacha kimoja kimoja, mpaka akabaki na kitu kimoja alichokifanya kuliko binadamu yeyote: kuingia kwenye boksi bila ya kuonekana. Mtazame krosi inapokaribia kupigwa. Husimama mgongoni mwa beki. Beki analazimika kuutazama mpira, na anapoutazama hawezi kumtazama Ronaldo. Akimtazama Ronaldo, mpira unampita. Ronaldo husubiri jicho la beki liende kwenye mpira, ndipo anapohama. Hiyo nayo ni kuibadilisha shida, kwa sababu anautumia udhaifu ambao kila beki anao na hakuna mazoezi yanayouponya: macho ni mawili lakini yote yanatazama upande mmoja. Nikilazimishwa kuchagua, namchagua Messi, kwa kuwa Ronaldo anamaliza shambulizi na Messi analianza na kulimaliza. Wanaobisha wana hoja, na kahawa haijaisha.

Wala tusidhani jambo hili ni la washambuliaji tu. Tarehe 30 Juni 2014 huko Porto Alegre, Ujerumani walikutana na Algeria katika Kombe la Dunia. Waarabu wale, ambao huku kwetu walishangiliwa kama timu ya nyumbani, walikuwa na mpango mzuri: Ujerumani wanacheza na mabeki waliopanda juu, basi tupige mipira mirefu nyuma yao, Islam Slimani akimbie. Mpango ulifanya kazi, isipokuwa kwamba kila mpira ulipopita nyuma ya mabeki, Manuel Neuer alikuwa ameshatoka golini, nje ya boksi, akiufagia kwa mguu na mara moja kwa kichwa. Ujerumani walishinda 2-1 katika dakika za nyongeza. Magolikipa wakubwa huokoa mashuti. Neuer alizuia mashuti yasipigwe, na kwa kufanya hivyo akaipa timu nzima ruhusa ya kusogea juu mita nyingi zaidi ya ilivyokuwa salama. Baada yake, mlinda mlango asiyeweza kucheza kwa miguu alianza kuonekana mzigo kwa klabu kubwa.

Kuna vipimo viwili ambavyo ningependa tuviweke pembeni, au angalau tuvitumie kwa hadhari. Cha kwanza ni makombe. George Weah alitwaa Ballon d'Or mwaka 1995, mwaka wa kwanza ambao tuzo ile ilifunguliwa kwa wasio raia wa nchi za Ulaya, na mpaka leo ni Mwafrika pekee aliyeipata. Kombe la Dunia hakulicheza hata dakika moja. Katika mchujo wa 2002 Liberia ilimaliza na pointi 15, Nigeria 16, ikaenda Nigeria. Pointi moja. Je, pointi ile ingeongeza chochote kwenye miguu ya Weah? George Best wa Ireland ya Kaskazini naye hakuwahi kucheza fainali hizo. Anayesema mtu hawezi kuwa wa kipekee bila ya Kombe la Dunia anapima ukubwa wa nchi, hapimi mchezaji.

Cha pili ni muda. Hiki sina uhakika nacho kama cha kwanza. Ronaldinho wa 2004 mpaka 2006 alikuwa kila kitu nilichokieleza hapa juu. Novemba 2005 washabiki wa Real Madrid walisimama kumpigia makofi nyumbani kwao, yeye akiwa na jezi ya Barcelona na ameshawafunga mawili. Miaka michache baadaye nuru ile ilikuwa imefifia. Messi alitwaa Ballon d'Or ya kwanza 2009 na ya nane 2023. Ikiwa unauliza nani alipanda juu zaidi, Ronaldinho yumo. Ikiwa unauliza nani aliishi huko juu, hayumo. Nadhani ni maswali mawili tofauti na tunagombana kwa sababu tunayachanganya.

Sasa tuje nyumbani. Kipaji cha namna hii kikizaliwa Micheweni au Jambiani, kitaonekana? Messi mwenyewe karibu asionekane. Akiwa mtoto Rosario aligundulika ana upungufu wa homoni ya ukuaji, matibabu ya kila siku na ya gharama kubwa, na Barcelona ndiyo iliyokubali kuyalipia alipokwenda kule mwaka 2000 akiwa na miaka 13. Bila ya bili ile, huenda tungekuwa na mtu mfupi sana Argentina anayesifiwa na watu wa mtaa wake.

Watafiti wa Ulaya wameshagundua kuwa vyuo vya soka vya vijana vimejaa watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Sababu ni nyepesi: katika kundi la umri mmoja, wa Januari amemzidi wa Disemba karibu mwaka mzima, ni mkubwa na ana nguvu zaidi, kwa hiyo kocha anadhani ana kipaji zaidi. Huku kwetu hatuna haja ya kusafiri kuliona hilo. Simama pembeni ya mechi yoyote ya vijana saa kumi za jioni usikilize mabenchi. Anayesifiwa ni anayepiga mpira mbali na anayemwangusha mwenzake. Mdogo anayesimama, akatazama, akachelewesha pasi kwa nusu sekunde kwa sababu anamsubiri mwenzake afike, huyo huambiwa amelala. Pengine kweli amelala. Pengine pia ndiye pekee uwanjani aliyeamka, na kocha anayetaka kombe la wiki hii hana muda wa kutofautisha.

Tuna mfano wetu wa karibu. Feisal Salum, Fei Toto, alitoka JKU ya Zanzibar akaenda Yanga mwaka 2018, kisha Azam. Msimu wa 2023/24 alifunga magoli 19 ya ligi akiwa kiungo, nyuma ya Stephane Aziz Ki aliyefunga 21. Kwa kipimo ninachokitetea hapa, swali la kumuuliza Fei si magoli yake. Ni hili: timu zinazokutana na timu yake hubadilisha mpangilio wao kwa sababu yake? Kwenye ligi yetu, naona jibu ni ndiyo, mara nyingi. Viungo wa ulinzi hupewa kazi ya kumfuata mpaka upande ambao si wao, na wenzake hufaidi uwazi ule. Juu ya ngazi hiyo bado hajapewa mechi za kutosha kutuonyesha, na hilo si kosa la miguu yake. Zanzibar ilipokelewa uanachama kamili wa CAF Machi 2017, ikafutwa Julai mwaka huo huo. Miezi mitano baadaye Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, wakafika fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Machakos na kufungwa na Kenya kwa penalti baada ya sare ya 2-2. Vijana wale walikuwa na kiwango cha kucheza mechi kubwa. Walikosa mechi zenyewe, na zile hali nyingi za mchezo ambazo bingwa wa chesi anazo kichwani hazipatikani ila kwa kucheza na waliokuzidi.

Kuna faida moja tunayo, na sioni tukiitumia. Runinga huufuata mpira. Yote niliyoyaeleza, shingo inayogeuka, kutembea, kujificha mgongoni mwa beki, Cannavaro kubaki na nafasi tupu, hutokea mpira ukiwa kwingine, na anayetazama katika banda la mpira huona matokeo tu. Aliyekaa jukwaani Amaan, Unguja, au Gombani, Pemba, anauona uwanja wote. Kombe la Mapinduzi likija Januari, chagua mchezaji mmoja, mwache mpira uende unakokwenda, umtazame yeye kwa dakika kumi. Mhesabie anavyogeuza kichwa. Kisha wahamie wanaomkaba. Ukimwona beki wa kati anamfokea kiungo wake, wewe mchukue, naye anamjibu, mchukue wewe, na mtu wenyewe hajagusa mpira bado, basi liandike jina lake.